Banda langu limezidi futi 2 nimebomoa, mnara wa futi 120 umepita. Wakuu hii imekaaje?

Wakuu kwema? Mi naandika nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimeruka mnisamehe.

Nipo Texas, kaunti ya Collin, juu kidogo ya Dallas, jirani kabisa na kamji kanaitwa Fairview. Watu elfu kumi na kidogo, viwanja vya ekari ekari, usiku giza mpaka unasikia vyura. Sasa kuna hili hekalu la Wamormoni, wenyewe siku hizi hawataki kuitwa hivyo, wanataka Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, haya sawa. 2024 wakaja na ramani ya mjengo wenye mnara wa karibu futi 174, pale Stacy Road, eneo la makazi ambalo nyumba mwisho ni futi 35! Agosti baraza la mji likapiga kura, wote wakakataa. Watu tukashangilia.

Kumbe tumeshangilia mapema. Novemba wamekaa kwa msuluhishi wakatoka na futi 120, na Aprili 2025 ikapitishwa, eti maridhiano. Hii si ndo Kariakoo jamani? Muuzaji anaanza na laki, unaruka, anashusha mpaka sabini unaondoka unacheka, shati lenyewe la elfu ishirini. 120 bado ni zaidi ya mara tatu ya hiyo 35.

Na msidhani mji uliridhia kwa mapenzi. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, RLUIPA, mji ukiibana nyumba ya ibada bila sababu nzito unaburuzwa mahakamani, ukishindwa unaweza kulipishwa mpaka mawakili wa waliokushtaki. Sheria nzuri tu, inawasaidia hata wenye vijikanisa na vimisikiti vidogo wanaozungushwa na miji. Ila hapa mwenye misuli ni kanisa lenye mabilioni na upande wa pili kamji ambako kesi moja ikivutwa miaka mitatu bajeti imekwisha.

Kinachoniua kabisa ni kuambiwa mnara mrefu ni sehemu ya imani yao. Hekalu lao la Laie Hawaii la 1919 halina mnara. Mesa Arizona, 1927, hakuna. Paris wamefungua 2017 tu hapa, hakuna mnara wala ile sanamu ya malaika wa dhahabu wanayoiwekaga juu ya mahekalu yao mengi. Mungu wa Paris anasikia sala za chini ila wa Texas mpaka upande juu?

Sasa mimi. Nilijenga kabanda ka mbao nyuma ya nyumba, ka kuwekea mashine ya nyasi. Chama cha wenye nyumba mtaani kwetu wakaniletea barua na picha, mtu kapiga juu ya uzio wangu, kachora mstari mwekundu pale paa lilipozidi futi mbili. Siku thelathini bomoa au faini. Nikabomoa mwenyewe jumamosi, wanangu wanashika misumari. Najua si baraza la Fairview lililoniandikia, msije kunirukia kwa hilo, ila sheria ya urefu kwangu ilikuwa ya Musa na kwa wenzangu ikawa ya kujadiliana.

Na mnaotaka kusema nina chuki za kidini mkae kimya kwanza. Jirani yangu ni Mmormoni, baridi ile ya Februari 2021 umeme umekata aliniletea kuni bila kumuomba, mtu safi. Hata yeye hekaluni haingii hivi hivi, mpaka awe na kibali cha viongozi wake. Sisi wengine watatufungulia kabla halijawekwa wakfu tukaone mazulia, baada ya hapo tutabaki kulitazama na mataa yake tukiwa barabarani.

Mbao zangu bado zipo gereji. Mdau anayejua taratibu za kusajili kanisa huku anicheki PM, mnara nitaweka wa futi mbili tu.