Skii pana za theluji ya unga, za mtumba: baindingi (vishikio vya buti) nifunge kwenye mstari au nisogeze?

Mwana_Pangani (Salt Lake City)

Wakuu, habari za majukumu. Najua wengi humu theluji mnaiona kwenye televisheni tu, ila tupo tuliotupwa huku baridini, na yule fundi wa Calgary nimeshamwona akijibu maswali ya buti. Naomba msaada kabla sijaharibu mali.

Nafanya kazi usiku kwenye ghala. Siku theluji ikishuka, nikitoka alfajiri sirudi kulala, napanda basi 972 moja kwa moja hadi Brighton, kwenye viwanja vya skii. Mke wangu anasema nimerogwa. Nilianza kujifunza msimu ule wa 2022/23, ambao Alta, viwanja vya jirani, walipima inchi 903 za theluji, karibu mita 23. Mtu wa Pangani ukianzia hapo unadhani kila mwaka ni hivyo.

Sasa nimenunua skii za mtumba. Urefu 186, kiuno (upana wa katikati) milimita 116, mbele na nyuma zote zimenyanyuka kama ngalawa, mkia nao una ncha ili uweze kwenda kinyumenyume. Aliyeniuzia alifungua baindingi zake akabaki nazo, kwa hiyo nimepewa mbao mbili zenye matundu. Mstari wa kiwanda, yaani alama ya kuweka katikati ya buti, upo sentimita 6 nyuma ya katikati ya skii (-6). Kijana mmoja tunayepanda naye Brighton anasema niweke -3, ndiyo raha ya skii za kuchezea. Dukani wameniambia "mstarini", basi, hawakuniangalia hata usoni.

Hofu yangu ni hii. Mwaka jana niliazimwa skii za 178 zilizofungwa -2.5. Kwenye njia iliyosawazishwa zilizunguka kama pia. Siku theluji ilipofika magotini, nikashuka kwenye miti upande wa Milly, kona ya tatu tu pua ya kushoto ikazama, nikapinduka. Buti likafyatuka, skii ikapotea chini ya theluji. Nilitafuta nusu saa nzima, nachoma fimbo ardhini kila hatua kama mwanamke anayetafuta chaza, kumbe ilikuwa juu ya mahali nilipoanguka, si chini. Sitaki kurudia.

Mimi urefu 178, kilo 74. Bado siwezi kushuka kinyumenyume, ila nataka kujifunza. Niweke wapi?

Bukavu_Grenoble

Jambo ndugu. Miye niko Grenoble mwaka wa saba, napanda Chamrousse. Weka -3, usiogope. Skii yenye mkia ulionyanyuka imetengenezwa ili usimame katikati. Ukiruka na kuzunguka, uzito wa mbele na wa nyuma unakuwa karibu sawa, hauvutwi upande mmoja. Ukitua kinyumenyume unakuta mkia mrefu wa kukupokea. Ukiweka -6 au -7 mkia unabaki kama wa kuku aliyenyonyolewa.

Hiyo ya kuzama pua ni kweli inatokea, sitakudanganya. Siku za theluji nyingi naegemea nyuma kidogo, jioni mapaja yanawaka moto. Lakini siku hizo kwa mwaka ni ngapi?

Mwana_Pangani

Kaka, huku kwetu ni nyingi. Ndizo siku pekee ninazopanda lile basi.

Wanjiku_Tirol

Hamjambo. Niko Innsbruck. Kabla hamjamtobolea huyu kijana skii, aseme kwanza anasimama vipi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa nalalamika pua zinazama, nikalipa baindingi zirudishwe nyuma sentimita moja na nusu. Zikaendelea kuzama. Mwishowe mama mmoja mwalimu wa skii kule Axamer Lizum akanitazama nikishuka mara moja tu, akaniuliza buti nimenunua la nani. Lilikuwa kubwa. Mguu ukicheza ndani kisigino kinainuka, na mtu akihisi kisigino kinainuka anakalia nyuma bila kujua, halafu akishtuka anajitupa mbele. Pua inazama kwa ule mshtuko. Nikabadilisha buti, na skii zile zile sasa zinaelea.

Kwa hiyo, Mwana_Pangani: ukishuka, unasukuma ulimi wa buti kwa muundi kila kona, au unasimama wima na kuzungusha miguu? Anayesukuma ulimi anahitaji skii ndefu mbele yake. Anayesimama wima anaweza kusogea katikati. Na buti likubane kwanza.

Fundi_wa_Baridi (Calgary)

Nimechelewa, tulikuwa na foleni ya kupaka nta tangu Ijumaa. Dada Wanjiku amenimalizia nusu ya kazi. Kwanza nijibu la -3, halafu nina maswali.

Mimi mtu wa Lamu, babu yangu alikuwa akipakia boriti. Boriti ukizilaza zote omo, chombo kinanusa maji. Ukizirundika tezi, kinakalia matako na hakigeuki. Hakuna aliyetafuta mahali pa shehena kwa kupima nusu ya urefu wa chombo. Walitazama chombo chenyewe kimechongwaje, wapi kipana, wapi kimenyanyuka. Mstari wa kiwanda ndiyo kazi hiyo hiyo. Aliyechora skii alijua sehemu nyembamba kabisa iko wapi, mnyanyuko wa mbele unaanzia wapi na wa nyuma unaanzia wapi, ndipo akaweka alama ya katikati ya soli yako. Skii ya kuchezea yenye mstari wa -6 haikuchongwa sawa na ile yenye mstari wa -2. Ukiifunga hiyo ya -6 kwenye -3 hujaigeuza kuwa ya -2. Umekaa tu mahali pasipo pako. Sentimita 1 utaihisi. Mbili umeshabadilisha tabia ya skii. Tatu mimi sikutobolei, nenda kwa mwingine.

Tena mstari wenyewe umeshasogea mbele sana kuliko zamani. Skii za kawaida za mlimani, zenye mkia bapa, utazikuta -10 au zaidi. Mwanaskii Shane McConkey na kampuni ya Volant walipotoa skii ya Spatula mwaka 2002, iliyopindwa kinyume, wazo lake likitokana na skii za maji, ndipo watu wakaona kwamba pua iliyonyanyuka inapanda yenyewe juu ya theluji. Ikipanda yenyewe huna haja ya kukaa nyuma kuinyanyua. Ndiyo maana hizi zako zinaruhusu -6 bila kuzama.

Sasa maswali. Matundu hayo yalitobolewa kwa baindingi gani? Buti la mwenyewe wa zamani lilikuwa na soli ya milimita ngapi? Lako je? Namba imechongwa ubavuni karibu na kisigino, usiniambie saizi ya kiatu. Na chukua futi ya utepe, vuta moja kwa moja toka mkia hadi pua bila kuufuata mpindo, uniambie urefu wa kweli. Iliyoandikwa 186 mara nyingi si 186.

Mwana_Pangani

Shikamoo fundi. Baindingi zilikuwa Tyrolia Attack, nami nimepata jozi nyingine za Attack. Soli yake 317, alifunga mstarini. Yangu 297. Utepe unasema 184.6. Buti linabana mpaka vidole vinalia, dada Wanjiku usiwe na wasiwasi. Na nasimama wima, nadhani. Hakuna aliyewahi kunifundisha kusukuma ulimi.

Fundi_wa_Baridi

Marahaba. Umebahatika kuliko unavyojua, soma polepole.

Tofauti ya soli ni milimita 20. Mstari mmoja, buti fupi: kipande cha vidole kinarudi nyuma milimita 10, cha kisigino kinakuja mbele milimita 10. Maana yake:

Ukifunga -6 kama yeye, matundu yote mapya yatakuwa milimita 10 kutoka ya zamani, vidoleni na kisiginoni. Sisi hatutoboi karibu zaidi ya hapo, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Inawezekana, ila unakuwa ukingoni, na skii inakuwa chujio.

Ukisogea mbele sentimita moja, yaani -5, kipande cha vidole kinaangukia kwenye matundu ya zamani yale yale. Hutoboi kitu mbele. Kisigino ndicho kinakuja mbele milimita 20, na pengine reli yake ya kurekebisha inatosha bila kutoboa.

Ukirudi nyuma sentimita moja, -7, mambo yanageuka: kisigino kinakaa kwenye matundu ya zamani, unatoboa vidoleni, milimita 20 nyuma, pana usalama.

Kwa hiyo huna uhuru wa kuchagua popote. Una -5 na -7, na -6 kwa shingo upande.

Sasa hofu yako ya kuzama. Zile za kuazima, tuchukue zilikuwa 178 kamili: nusu ni 89, ukaongeza 2.5, mbele ya katikati ya buti ulikuwa na sentimita 91.5. Hizi zako nusu ni 92.3. Kwenye -5 unapata 97.3 mbele. Karibu sentimita sita zaidi, na zote ni za ile sehemu iliyonyanyuka na pana. Nyuma unabaki na 87.3, wakati zile zilikuwa 86.5. Kwa hiyo hata kijana wako wa kinyumenyume hana la kulalamika.

Mtu wa kilo 74, anayesimama wima, kwenye miti: -5. Ungekuwa kilo 95 na unasukuma ulimi kama unafungua mlango uliokwama, ningekupeleka -7 bila kufikiri.

Matundu usifanye mwenyewe nyumbani. Wenye duka wana kiolezo cha chuma, kina vibomba vya kuongoza keke. Kama skii haina bamba la chuma ndani ni keke ya 3.5, kina milimita 9. Kwa kawaida imeandikwa juu ya skii yenyewe. Yenye bamba ni 4.1. Matundu ya zamani yatakayobaki wazi yazibwe kwa vizibo vya plastiki na gundi, maji yakiingia mbao inaoza polepole bila wewe kujua. Na skrubu hizo si za bisibisi ya msalaba ya kawaida, inalamba kichwa. Nimeona mengi.

Bukavu_Grenoble

Fundi umenishinda kwa hesabu. Lakini -5 ni karibu na -3 kuliko -7, kwa hiyo nimeshinda na miye kidogo.

Mwana_Pangani

Wakuu, mrejesho. Nilikwenda duka jingine, nikawaonyesha hesabu za fundi kwenye simu. Mzee wa pale akazisoma mara mbili, akachukua futi yake akapima upya. Kumbe aliyefunga mara ya kwanza hakuwa makini: ukiyafuata matundu ya vidole, skii ya kushoto inakaa 87.3 kutoka mkiani, ya kulia 87.0. Milimita tatu. Nikataka kususa. Akaniambia niende kwenye kioo nijitazame mabega.

Reli ya kisigino iliishia milimita 14, ikabidi atoboe kisigino. Nilisimama pale nikitazama. Keke ilipoingia ukatoka unga mweupe kwanza, wa ule utando wa juu, halafu unga wa mbao wa rangi ya chapati. Akapuliza tundu, akatia tone la gundi, akakaza kwa mkono, si kwa mashine, mpaka bisibisi ikalia kidogo.

Jumamosi ilishuka kama sentimita 25. Nikashuka kwenye miti ile ile ya Milly. Kona ya tatu nikakaza meno nikisubiri. Pua zikaingia, zikapotea kabisa, halafu zikatokea mbele yangu zimebeba theluji juu kama sinia. Nilicheka peke yangu. Ubaya niliouona: asubuhi ya Jumapili njia ilikuwa imeganda, nikienda kasi pua zinapigapiga, tap tap tap, kama hazina mwenyewe. Nikipunguza mwendo zinatulia.

Fundi, swali la mwisho. Breki za baindingi nilizopata ni 110, na kiuno ni 116. Kwa sasa zimepindishwa kidogo zipite, ila ya kulia inakwaruza ubavu nikikanyaga. Nipindishe zaidi?

Fundi_wa_Baridi

Usipindishe tena. Chuma hicho kikishachoka hakirudi, na siku skii ikifyatuka ndiyo itakayoisimamisha isimfuate mtu huko chini. Tafuta za 130, ni skrubu chache tu kubadilisha. Na namba ya DIN, ile ya nguvu ya kufyatua buti, walikupimia kwenye mashine, au walikuuliza kilo wakaandika?

Mwana_Pangani

Waliniuliza kilo.

Fundi_wa_Baridi

Rudi ukapimiwe.