Majirani Free Area: mkanda wa jeshi wa Mama Wanja

Mama Wanja: Habari zenu majirani. Wengi mmeuliza mbona kibanda cha Top Market kimefungwa na sionekani hata kwa mfereji, niko kwa nyumba jamani. Nimeshikwa upande wa kushoto, kuanzia mgongoni inapita chini ya titi mpaka mbele kwa kifua. Ilianza na moto moto tu kwa ngozi kama mtu amenimwagia chai, na alama hakuna, nikasema ni mgongo wa kuinua magunia ya viazi. Jana usiku nikivua nguo ndio naona malengelenge yamejipanga. Hata leso ikinigusa naruka

Baba Kip: Woi, pole sana mama. Umeonwa na nani?

Mama Wanja: Asubuhi nilipitia kemisti hapa karibu, kijana akaangalia haraka haraka akasema hiyo ni Nairobi flai, akanipatia mafuta na antibaiotiki. Lakini huu uchungu sio wa mdudu

Mama Brayo: Pole mum 🙏🏽 kwetu wanapaka majivu ama dawa ya meno, inakausha. Ila muangalie isizunguke mwili wote juu wanasema ikikutana mbele na nyuma mtu hapati nafuu

Sista Moraa: Mama Brayo tusimtishe mgonjwa tafadhali. Mama Wanja kwa vile umeeleza hiyo inakaa mkanda wa jeshi kabisa, uchungu kwanza halafu malengelenge, na upande mmoja tu. Inafuata mshipa mmoja wa fahamu na mishipa ya kushoto ni ya kushoto, ya kulia ni ya kulia, ndio maana inakuja inaishia katikati ya kifua. Hiyo ya kuzunguka na kuua mtu sio ukweli, watu wamelala macho bure kwa sababu yake. Na majivu usipake, dawa ya meno usipake, hapo ni kidonda unakiletea wadudu wengine

Sista Moraa: Kitu kikubwa ni saa. Kama malengelenge yametokea jana bado uko ndani ya masaa 72, na dawa ya hii virusi ikianzwa hapo ndani ndio inafanya kazi vizuri. Usingoje kesho

Baba Kip: Niko na Probox hapa nje. Mama vaa kitu kilegevu nakuja kwa mlango twende hospitali ya Level Five

Mama Wanja: Mungu akubariki Baba Kip, sina nguvu ya kupanda matatu nikisukumwa

---

Mama Wanja: Tumerudi. Ni mkanda wa jeshi vile sista alisema. Nimepewa dawa ya virusi, asiklovia ya miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba, na ya uchungu kando. Mara tano kweli? Nimeuliza dakta mara mbili

Sista Moraa: Ndiyo mara tano, haikai kwa damu muda mrefu. Weka alamu kwa simu, mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kunywa maji mengi sana ndio dawa isiumize figo. Kata kucha, hata ukijikuna usingizini usipasue. Kitambaa safi cha maji baridi weka juu kidogo kidogo, na losheni ya kalamini ukipata. Yakikauka yakawa maganda, kama siku saba hadi kumi, utaona afadhali, ngozi yenyewe wiki mbili hadi nne

Mama Junior: Sista nisaidie nina wasiwasi. Juzi nilimsaidia Mama Wanja kuanua nguo na watoto walishinda kwake wakiangalia katuni. Na mimi niko miezi sita. Hii inaambukiza?

Sista Moraa: Swali la maana sana. Mkanda wa jeshi wenyewe hauwezi ukaupata kwa mtu. Virusi ni ile ile ya tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni unapona lakini virusi haitoki, inaenda inajificha kwa mizizi ya mishipa karibu na uti wa mgongo miaka na miaka, kinga ikishuka kwa uzee, ugonjwa ama dawa fulani inaamka na kushuka na ule mshipa. Sasa yale maji ya malengelenge yakigusa mtu ambaye hajawahi ugua tetekuwanga, huyo anapata tetekuwanga, sio mkanda. Kwa mja mzito hiyo sio kitu ya kubahatisha. Wewe uliwahi ugua?

Mama Junior: Sijui kusema ukweli

Sista Moraa: Piga simu nyumbani uulize saa hii. Kama hakuna anayejua, kesho enda kliniki yako ya wajawazito uwaambie hivi hivi vile umeniambia. Na Mama Wanja, mpaka yakauke yote, funika, na nguo na taulo zisichanganywe. Wajukuu wachanga wasibebwe

Mama Junior: Nimeongea na mama. Anasema niliugua nikiwa darasa la tatu mpaka nikakosa mitihani, ninazo alama mbili kwa paji la uso nilikuwa nafikiria ni za kuanguka. Haki nimepumua 😭

Mama Wanja: Asante Mungu. Nilikuwa nimelala hapa nikiwaza wewe kuliko mimi

Njoro: Poleni. Lakini tuseme ukweli, kitambo mtu akitoka mkanda wa jeshi watu walikuwa wanajua ni ule ugonjwa. Nauliza tu

Mama Wanja: Njoro nakujibu hapa mbele ya wote ndio isiongelewe kwa mfereji. Dakta aliniomba nipimwe nikakubali, sikusita. Majibu ni yangu na yeye. Mimi nina miaka 61, nimezika watu miaka ya tisini waliojificha kwa nyumba na mkanda wa jeshi wakiogopa macho ya majirani, dawa zikawapita hivi. Sitajificha

Mzee Omondi: Umesema vyema mama. Kinga inashushwa na mambo mengi, umri peke yake unatosha. Marekani wanakadiria mtu mmoja kati ya watatu ataupata maishani.

Sista Moraa: Na mtu akipimwa HIV wakati kama huo ni kwa faida yake, akijua anatibiwa. Njoro usichukue vibaya, lakini hayo maneno ndiyo yanafanya mtu akae na uchungu ndani ya nyumba mpaka masaa 72 yaishe

Njoro: Nimeelewa sista. Mama Wanja nisamehe

Mama Wanja: Yameisha mwanangu

Mzee Omondi: Mimi mkanda naujua kwa watu wangu wawili. Ndugu yangu kule Ahero ulimtoka kwa paji la uso ukashuka puani, akakaa nyumbani akidhani ni jipu, hilo jicho halikurudi tena. Dada yangu naye ngozi ilipona kabisa lakini uchungu ukabaki. Mwaka mzima. Alikuwa hawezi kuvaa blauzi, upepo wa dirisha ukimpiga analia, mtu mzima na heshima zake. Amekunywa gabapentini, amekunywa amitriptilini, zinapunguza tu. Kwa hivyo nauliza, chanjo ipo? Mimi nina 72 sitaki kungoja zamu yangu.

Sista Moraa: Mzee kwanza nirudie hiyo ya jicho: ikitoka paji la uso, kando ya jicho ama ncha ya pua, ni siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho. Chanjo ipo duniani, inaitwa Shingrix, sindano mbili, ya pili unadungwa miezi miwili hadi sita baada ya ya kwanza. Kwa utafiti wake walio miaka 50 hadi 69 iliwakinga asilimia 97, na 70 kwenda juu asilimia 91. Huo uchungu wa dada yako pia inapunguza sana. Lakini kwetu haiko kwa zile chanjo za serikali, ni ya kujitafutia

Kiprono Cardiff: Habari zenu huku ni Kiprono, kijana wa Baba Kip. Mimi nafanya kazi kwa nyumba ya wazee hapa, wanadungwa bure wakifika 65, na wale wa 70 hadi 79. Na kuna utafiti ulitoka 2025 wa hapa hapa Wales, waliangalia wazee waliopata ile chanjo ya zamani ya Zostavax na wale walizaliwa siku chache tu kabla ya kustahili, waliochanjwa wakapungukiwa na ugonjwa wa kusahau kama mmoja kati ya watano kwa miaka saba. Baba nilikuwa nakutafuta nikuambie, mum ana sukari na ana 58, tafadhali msilale

Njoro: Sasa hapo ndio nashangaa. Karo haijalipwa, mtu atoe pesa ya sindano ya ugonjwa hana?

Mzee Omondi: Dada yangu ameuza ndama wawili kwa tembe. Mimi hiyo hesabu nimeshaifanya.

Mama Brayo: Na sisi wa thelathini?

Sista Moraa: Wewe hapana, usikimbie pesa. Ni 50 kwenda juu, na kuanzia 18 wale kinga yao iko chini, wa saratani, wa HIV, waliowekewa figo. Sio virusi hai hivyo hata wao wanadungwa. Ila mkono utauma, siku mbili tatu unaweza kuchoka na kushikwa na homa kidogo. Usidungwe kesho yake ikiwa siku ya soko

Mama Wanja: Na mimi ambaye nimeshaugua?

Sista Moraa: Inaweza kurudi, kwa hivyo hata wewe. Sio sasa, ngozi ipone kabisa kwanza, na umuulize dakta akupangie, wengine wanakuambia ungoje miezi kadhaa

---

Baba Kip: Nimepigia famasi za mjini. Mbili hawana. Ya tatu wamesema wataulizia waagizaji Nairobi wanipigie na bei. Nikauliza inasafiri vipi, wakasema kwa friji, nyuzi 2 hadi 8, nikawaambia nitataka kuiona ikitolewa kwa baridi sio kwa droo. Tumekubaliana na Mama Kip, hatuanzi mpaka pesa ya sindano zote mbili iwe mkononi, na anaanza yeye juu ya sukari, mimi baadaye

Mzee Omondi: Niandike na mimi kwa hiyo oda.

Mama Wanja: Mimi nitaweka zamu yangu ya chama mwezi ujao kando ya hiyo. Leo nimelala masaa manne bila kuamka, ya kwanza tangu ianze. Maganda yameanza

Sista Moraa: Asante Mungu. Lakini maliza dawa zote, usiache juu umepata nafuu. Uchungu ukibaki ngozi ikishapona urudi kliniki mapema, usivumilie

Mama Junior: Mum nimekuwekea uji kwa mlango na ndizi. Viazi vyako Brayo na Njoro watavifungulia kesho kabla vioze

Njoro: Saa kumi na moja alfajiri niko pale Top Market. Nitumie bei ya debe