PHP: kuita fanksheni kwa jina lililo ndani ya variabo, njia ipi salama?

Mleta mada:
Wakuu, nina faili la PHP 8.1 linalopokea neno kutoka kwenye fomu, mfano "jumla" au "wastani", kisha liite fanksheni yenye jina hilo. Nilikuwa na `if` ishirini, nikazifuta nikaweka hivi:

```php
$kitendo = $_GET['kitendo'];
echo $kitendo($_GET['data']);
```

Inafanya kazi. Je, ina hatari? Na kwa nini fanksheni zilizo chini ya `namespace Ripoti;` (yaani kundi la majina liitwalo Ripoti) zinaleta "Call to undefined function wastani()" wakati zimo humohumo kwenye faili?

Mchangiaji 1:
Mkuu, iondoe leo hii. `$kitendo()` huita fanksheni yoyote inayofahamika na PHP, si zako tu. Mtu akituma `?kitendo=system&data=ls`, tayari ameendesha amri kwenye seva yako. Usijifariji na `function_exists` wala `is_callable`: zinajibu kama fanksheni ipo, na `system` ipo. Weka orodha ya zile unazoziruhusu:

```php
$ruhusa = [
  'jumla'   => jumla(...),
  'wastani' => wastani(...),
];
$k = $_GET['kitendo'] ?? '';
if (!is_string($k) || !isset($ruhusa[$k])) {
  http_response_code(400);
  exit;
}
echo $ruhusa[$k]($_GET['data'] ?? '');
```

Hiyo `is_string` usiiruke, maana `?kitendo[]=x` huleta arei badala ya maandishi. Alama ya `(...)` ilianza na PHP 8.1, kwenye matoleo ya nyuma andika `'jumla'`.

Mchangiaji 2:
Kuhusu namespace: jina likiwa ndani ya maandishi, PHP haiangalii faili liko chini ya namespace gani, wala haisomi mistari ya `use`. Inalichukua kama jina kamili. Kwa hiyo andika `'Ripoti\wastani'`, au `__NAMESPACE__ . '\wastani'`. Tumia nukuu moja moja. Ukiweka `"Ripoti\nusu"`, ile `\n` inageuka mstari mpya na utatafuta kosa siku nzima. Ukifuata `wastani(...)` ya hapo juu, tatizo hili halipo, kwa sababu hilo ni jina halisi la kwenye msimbo.

Mleta mada:
Asanteni sana. `call_user_func` je, ina faida yoyote hapa?

Mchangiaji 3:
Hapa hapana, na ina mtego. Haipitishi kwa rejeo, yaani fanksheni haipewi variabo yenyewe bali nakala ya thamani yake: `call_user_func('sort', $arei)` inatoa onyo na arei inabaki vilevile, ilhali `$f = 'sort'; $f($arei);` inaipanga. Ndugu yake `call_user_func_array`, tangu PHP 8.0, huchukua funguo za maandishi kama majina ya parameta. Zisipolingana unapata "Unknown named parameter". Pitisha `array_values($arei)` kwanza.

Halafu `echo`, `isset`, `empty` na `unset` haziitiki kwa njia yoyote kati ya hizi, kwani si fanksheni, ni sehemu ya lugha yenyewe. Ukizihitaji kwenye orodha, zifunge: `'tupu' => fn($x) => empty($x)`.