Tupeane uzoefu: Maikrowevu ya kwanza uliyoiona ilikuwa ya nani, na iko wapi leo?

Mwana wa Area C
Mbukwenyi wakuu. Jumamosi tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu mama hapa Area C, Dodoma, tukafika kwenye maikrowevu yake. Wadogo zangu wakasema ipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimekataa. Ubavuni imebandikwa karatasi yenye sura ya mbao, ina vitufe viwili vya kuzungusha, cha moto na cha dakika, na dakika zikiisha inagonga kengele ya chuma hasa: ting, mara moja tu.

Mama aliinunua mwaka 1991 kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao. Baba alikuwa dereva, akitoka safari ya Dar anaingia saa saba, saa nane za usiku. Kabla ya hapo mama alikuwa anaamka kuwasha mkaa. Baada ya hapo sahani ya baba ilikaa mezani imefunikwa kawa, inasubiri. Sisi watoto tukisikia ile ting usingizini tulijua mzee amefika salama, tunageuka upande wa pili tunalala.

Wenye kumbukumbu za mashine hizi za zamani, karibuni.

Binti wa Kikuyu
Pole kwa msiba, kaka. Mimi niliiona kwa shangazi, aliyekuwa anafanya kazi za ndani kwa wazungu. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba aliweka glasi ya maji ndani, maji yakachemka. Shangazi akaja kutusimulia jioni: moto hauonekani, moshi hakuna. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa majivu wanamwaga wapi?" Swali zuri kabisa kwa mtu aliyepika kwenye mafiga maisha yake yote.

Fundi wa Majengo
Mkuu, pole sana, na tafadhali usiichomeke kwanza. Nisikilize.

Hizi za zamani zina transfoma nzito ya shaba, ndiyo maana wa chuma chakavu wanazipenda. Inapandisha umeme hadi volti elfu mbili na zaidi, na kapasita inaushika umeme huo hata ukishachomoa waya ukutani. Mwaka 1998 niliingiza bisibisi bila kuipunguza chaji, nikajikuta niko ukutani, mkono umekufa ganzi hadi kesho yake. Usiifungue mwenyewe.

Angalia mlango. Ule wavu wa kwenye kioo usiwe umetoboka wala kushika kutu. Mawimbi yake yana urefu wa kama sentimita 12, hayawezi kupita kwenye vitundu vidogo vile, ndiyo maana unachungulia chakula bila kudhurika. Kisha angalia ndani upande wa kulia, kuna kipande cha maika kama kadibodi. Kikilowa mafuta ya chakula kinaungua na kutoa cheche, watu wanadhani mashine imekufa. Kubadilisha ni kazi ya dakika tano.

Nyingi nilizoletewa miaka ile hazikuwa mbovu. Umeme ulikuwa unashuka jioni kila nyumba ikiwasha taa. Sahani inazunguka, taa ya ndani imefifia, ugali unatoka kama ulivyoingia.

Kijana wa Chamwino
Wakubwa shikamooni. Hivi kitu hiki kilianzia wapi?

Mwana wa Area C
Marahaba mdogo wangu. Nimesoma sana habari hizi wiki hii.

Kiini chake ni magnetroni, kifaa kinachotoa yale mawimbi, na ile iliyobadilisha mambo ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1940, na John Randall na Harry Boot, kwa ajili ya rada za vita. Marekani zilitengenezwa na kampuni ya Raytheon, na hapo alikuwepo Percy Spencer, mtu aliyekua bila wazazi na hakumaliza hata shule ya msingi. Mwaka 1945 alisimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, peremende ya mfukoni ikayeyuka. Wengi wangelaumu joto la chumba. Yeye akaagiza mahindi, yakawa bisi. Wakajaribu yai, likapasuka. Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo akaomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake.

Ya kwanza kuuzwa ilitoka 1947: urefu karibu mita 1.8, uzito kilo 340 hivi, bei kama dola 5,000, na ilipoozwa kwa maji ya bomba. Ya majumbani ilikuja 1955 kutoka kampuni ya Tappan, dola 1,295. Ya kukaa juu ya meza ni ya kampuni ya Amana, 1967, dola 495.

Kilichonigusa ni hiki. Mwaka huo wa 1947 Waingereza walikuwa hapa Kongwa na matrekta wanang'oa miti kwa mradi wa karanga. Na mjukuu wa Spencer amesimulia kwamba ile peremende ya mfukoni ilikuwa ya karanga.

Mama Ipagala
Karanga tena! Bibi yangu wa Kongwa angefurahi. Mimi nasema ugali wa uwele uliolala unyunyizie maji, ufunike, dakika moja na nusu. Usipofunika unakuwa tofali. Mlenda usijaribu, utafuta kuta za ndani hadi jioni.

Mtumishi
Yangu ilikuja na basi kutoka Dar tulipohamishiwa huku 2017. Niliipakata njia nzima, nikimwambia konda hii haiendi buti. Chumba cha Nkuhungu hakikuwa na kitanda bado, lakini chai ya moto ilikuwepo.

Mwana wa Area C
Mrejesho, wakuu. Fundi alikuja jana, namshukuru mbele yenu. Amebadilisha maika na fyuzi, akafuta kutu ya mlangoni. Tukaweka glasi ya maji, dakika moja. Mzee alikuwa sebuleni amesinzia kwenye kiti chake, haongei sana tangu msiba.

Ting.

Akafungua macho, akauliza, "Mama yenu amenibakizia nini?"

Nilimpashia wali na maharage. Alimaliza sahani.