Mjadala: Kalori zihesabiwe kwenye sahani au kwenye chungu?

Mleta mada
Habari za jioni wadau. Naleta swali moja, naomba tulijadili bila matusi. Marekani, tangu Mei 2018, migahawa yenye matawi 20 na kuendelea inalazimika kuandika kalori za kila chakula kwenye menyu. Uingereza nao wakaanza Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na zaidi. Huku kwetu wapo wanaotamani iwe hivyo hivyo, na kila mwenye kitambi anaambiwa apakue programu ya simu, aandike anachokula, abaki chini ya kalori 1,500 kwa siku, basi.

Mimi napinga. Sipingi hesabu yenyewe: gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Hizo namba zinatokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater ya mwishoni mwa karne ya 19, na lebo nyingi bado zinazitegemea. Ninachopinga ni kumpa daftari mtu asiyeshika mwiko. Nyumba nyingi za kwetu, anayetaka kupungua siye aliyepika. Anarudi saa mbili usiku, anakuta maharage yameungwa, ugali umefunikwa. Aandike nini? "Maharage, bakuli moja." Simu itampa namba ya maharage ya kopo ya huko kwao.

Pigeni hesabu hii. Mpishi akimimina robo lita ya mafuta kwenye sufuria ya watu sita, mafuta peke yake yanapita kalori 2,000. Kila mmoja kashapata zaidi ya 300 kabla hajagusa harage. Nusu ya mafuta hayo yakibaki kwenye chupa, watu sita wamepunguza na hakuna aliyeandika chochote. Cha kuhesabiwa ni chungu. Karibuni.

Fundi Vyuma
Mkuu, umeanza vizuri ukaishia kumtetea mvivu. Mimi kazi yangu ni kufundisha watu mazoezi, na asiyeandika hajui anachokula, nukta. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichukua watu walioapa kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kitaalamu ikaonekana chakula walichotaja ni karibu nusu tu ya walichokula, na mazoezi wameyaongeza chumvi kwa kiasi kama hicho hicho. Walikuwa watu 10 tu, sawa, lakini mimi hao nawaona kila Jumatatu.

Karanga za kwenye daladala, chai ya maziwa ya ofisini yenye vijiko vinne vya sukari, andazi ulilomega kwa mwenzio: hivyo vyote havipiti kwenye chungu cha nyumbani. Soda uliyokunywa Kariakoo nayo utamlaumu mkeo?

Jiko la Tandale
Jamani, mnatujadili sisi wapishi kama hatupo. Mimi ni mama ntilie. Nikipunguza mafuta kwenye wali, mteja anasema leo wali mkavu, kesho namwona amekaa kwa jirani. Mchuzi usioelea mafuta wanauita mchuzi wa hospitali, wananiambia usoni. Na mafuta yalivyo ghali, mnadhani namimina kwa kupenda? Anayeyadai ni mlaji.

Hiyo ya kuandika kalori ubaoni, niandike za upawa upi? Kijana wa bodaboda anasema "mama ongeza", naongeza. Anakuja wa ofisini, anataka wali nusu na mboga nyingi. Bei ileile. Sheria hiyo wapelekeeni wenye viyoyozi.

Mbeba Boksi
Niko huku Uingereza. Masahihisho kidogo: sheria hiyo ni ya England yenyewe, Scotland na Wales haiwahusu. Namba nakutana nazo kila nikila nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool waliwahoji maelfu ya wateja kabla na baada ya sheria, na kwenye matokeo ya 2024 hawakuona watu wakinunua wala kula kalori pungufu. Watu waliozitambua namba waliongezeka, ila sahani zikabaki vilevile.

Pamoja na hayo mimi nataka namba ziwepo. Nikilipa hela yangu nina haki ya kujua nimeuziwa nini. Kupungua ni shughuli nyingine.

Mkulima wa Ngara
Mnajitesa. Mtu ashike jembe, kalori zitajijua zenyewe. Babu zetu walipima nini?

Mleta mada
@Mkulima, jembe zuri, ila soma kuhusu Wahadzabe wa hapa hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima nishati wanayotumia kwa siku na kuchapisha mwaka 2012. Hawa ni watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Wanaume wanatembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku nzima haikupishana na ya Wamarekani na Wazungu wa ofisini. Mwili unajua kubana matumizi. Kwa hiyo jembe litakupa moyo wenye afya na usingizi mzito, lakini sufuria bado inakusubiri nyumbani.

Shangazi Raha
Mleta mada, nimekusoma mara mbili ili nisikuonee. Umeutoa mzigo kwenye simu ya baba ukaenda kumtwisha mama. Sasa yeye anunue, apike, aoshe, na kitambi cha mwenzie kiwe kosa lake? Akipunguza mafuta ataambiwa siku hizi hajui kupika, au atakuja mama mkwe aulize kama mwanawe anateswa. Na huyo huyo baba akikonda, majirani watanong'ona kwamba anaumwa. Mnajua mnachokisema au mnapiga soga?

Lishe Dodoma
Shangazi kanena. Niongeze ya kitaalamu, maana humu kuna mambo yamechanganywa.

Kwanza, si kweli kwamba vyakula vyetu havina takwimu. Tanzania ina majedwali ya viinilishe vya vyakula tangu 2008, kazi ya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya walitoa yao mwaka 2018. Tatizo ni kwamba programu nyingi za simu hujazwa na watumiaji wenyewe, hivyo ukitafuta "ugali" unapata namba zinazopishana mno, kila mtu na maji yake. Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kliniki wapime unga mkavu. Gramu 100 za unga wa mahindi ni takriban kalori 360, dona au sembe. Maji hayaongezi kitu. Dona inashinda kwa nyuzinyuzi, kwa kalori wako sawa.

Lebo nazo zina mtego. Biskuti zinaandikwa kwa gramu 100 au kwa "sehemu" ya vipande vichache, wewe umemaliza pakiti. Nyingine zinaandika kilojuli. Gawanya kwa 4.2 upate kalori. Na msigombanie kalori 50: Marekani kipimo cha maabara kikizidi lebo hadi asilimia 20 bado kinakubalika. Lozi ndizo kichekesho kabisa. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha mwaka 2012 kwamba lozi ambazo lebo inazihesabu kalori 170, mwili unapata kama 129 tu. Nyingine zinapita zilivyo.

Mleta mada ana nusu ya haki yake, na nusu hiyo ni kubwa. Kwa kaya, kipimo rahisi ninachokijua ni chupa. Lita moja ya mafuta ya kupikia ni zaidi ya kalori 8,000. Kaya ya watu watano ikimaliza lita tano kwa mwezi, kila mmoja anapata kama 270 kwa siku kutoka kwenye mafuta tu. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Hapo huhitaji simu, na yeyote nyumbani anaweza kuandika, hata mtoto wa darasa la tatu.

Halafu tafadhali: anayechoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari asipunguze chakula kwa amri ya programu. Sukari inaweza kuporomoka usiku. Aende kliniki kwanza, dozi irekebishwe. Na kuna watu, hasa mabinti, ambao hesabu hizi zinawageukia, wanaanza kuogopa hata tonge moja. Hao nawaambia wafute programu siku hiyo hiyo.

Fundi Vyuma
Nakubali ya chupa. Ila chupa haitamfundisha mtu andazi lake la saa nne. Mimi wangu nawaandikisha wiki mbili tu, kila kitu mpaka maji, kisha tunaacha. Baada ya hapo macho yameshazoea. Anayeandika mwaka mzima huyo namwambia apumzike.

Mleta mada
Wiki mbili hizo sina ugomvi nazo. Na Shangazi, hoja yako nimeipokea, sikimbii: anayetaka chungu kipimwe basi aingie jikoni yeye mwenyewe, ashike chupa kwa mkono wake walau Jumamosi na Jumapili. Msimamo wangu kuhusu menyu haujabadilika. Sheria ya kumwandikisha Jiko la Tandale kalori ni kumtafutia faini tu. Migahawa mikubwa yenye vipimo maalumu vya kila sahani, hao waandike, hawana kisingizio.

Shangazi Raha
Jumamosi na Jumapili peke yake? Haya, tuanzie hapo. Na sufuria aoshe.

Jiko la Tandale
Fundi, hao wanafunzi wako wakiniletea oda kabla ya saa nne asubuhi, nawapikia sufuria yao pembeni, mafuta vijiko viwili, mboga nyingi, wali nusu sahani. Wakiwa wachache hailipi, gesi yangu itaishia hapo. Na wasije tena wakaniomba niwaongezee mchuzi wa kwenye sufuria ile nyingine.