Nimelipa laki sita nikapewa Gerber tu! Wachora bodi, mnatufunga mikono

Wakuu, nina hasira, naomba mnisikilize.

Natengeneza mashine za kutotolesha vifaranga hapa Arusha, Unga Limited. Mwaka jana nilimpa kijana mmoja kazi ya kuchora bodi ya saketi ya kuongoza joto. Tulipatana laki sita, nikamlipa yote. Akanitumia zipu yenye Gerber (mafaili ambayo kiwanda hutumia kutengenezea bodi) na faili la matundu ya kutoboa, nikaagiza bodi 50 Uchina, zikafanya kazi vizuri. Hilo simnyimi.

Sasa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) niliyokuwa natumia imeadimika. Inayopatikana madukani miguu yake imekaa tofauti, miwili haiingii kabisa. Kazi yenyewe ni kusogeza matundu mawili na kurekebisha njia za shaba zinazokwenda kwenye hita. Nikamwomba faili la KiCad, programu ya kuchorea bodi, maana najua alichorea humo. Jibu lake: "Kaka, nilishakukabidhi kila kitu. Hilo ni mali yangu, ukitaka mabadiliko lete laki tatu."

Laki tatu kwa matundu mawili!

Na si kweli kwamba alikabidhi kila kitu. Gerber ni picha za matabaka: shaba ya juu, shaba ya chini, rangi ya kijani, maandishi. Basi. Fungueni kwa Notepad muone. Kwangu kuna mstari umeandikwa X125400000Y-88900000D03*, yaani nenda hapo, weka doa la shaba. Hausemi kama doa hilo ni mguu wa rilei au wa kapasita. Gerber X2, iliyokuja 2014, inaweza kubeba maelezo ya ziada (zangu hazina), lakini hata hiyo haikurudishii mchoro wa saketi. Nimejaribu kuzirudisha kwenye KiCad kupitia GerbView (kifungua-Gerber cha KiCad), nikapata mistari na maduara matupu. Hakuna kifaa hata kimoja unachoweza kukishika ukakisogeza. Nimekesha siku mbili.

Nilichotakiwa kupewa ni .kicad_sch (mchoro wa saketi) na .kicad_pcb (mchoro wa bodi), pamoja na maktaba ya vifaa alivyovichora mwenyewe. KiCad ni ya bure, mafaili yenyewe ni maandishi tu. Kuyatuma ni dakika moja! Aliyechorewa kwa Eagle adai .sch na .brd, aliyechorewa kwa Altium adai .SchDoc na .PcbDoc; KiCad za sasa zinaingiza zote hizo. Msikubali PDF wala picha ya skrini.

Kinachoniuma ni kwamba nina oda za wafugaji wa Usa River na Moshi, mashine ziko sakafuni hazina bodi, na mwenye kunifungulia ni mtu ambaye nilishamlipa.

Mchoraji aliyeko Arusha au Moshi anayeweza kuichora upya aje PM. Bodi nzima nitamletea mkononi aipime. Malipo yatatoka nikishafungua mafaili ya mradi kwenye kompyuta yangu mwenyewe na kuisogeza hiyo rilei.