Mrejesho: utafiti wa Mgogo kwenye vichekesho

Wakuu habari za jioni, nimerudi. Mimi ndo yule wa masta hapa Dodoma niliyeuliza ntapimaje ile picha ya Mgogo (mtu wa kabila la huku Dodoma) kuonyeshwa kama ombaomba kwenye klipu za komedi, maana supavaiza alikuwa ananirudishia proposo kila wiki.

Asanteni sana, hasa aliyesema niachane na "vyombo vyote vya habari" nibaki na klipu 60 tu, na yule wa kutafuta mtu wa pili aainishe klipu hizohizo bila kuona majibu yangu. Kappa ya Cohen (kipimo cha jinsi waainishaji wawili wanavyokubaliana, 1 ni kukubaliana kabisa) ya kwanza ikatoka 0.48, aibu, kumbe mwenzangu kila anayenyoosha mkono anamwandika ombaomba hata kama anapokea chenji ya daladala, tukaandika upya maelezo ya kila kipengele, raundi ya pili 0.79, supavaiza kasaini. Makala ya Entman ya 1993 kuhusu freming (yaani jinsi habari inavyochagua upande gani wa jambo uonekane) nayo imenibeba sura ya pili.

Kilichogoma ni majadiliano ya kikundi kule Chamwino. Wazee walicheka tu, "mjukuu wangu, huo si utani?" Mmoja ndo akanifuata nje baadae, akasema mwanae shuleni anaitwa ombaomba na huwa hacheki. Sasa nahoji mmoja mmoja, nimebakiza wanne.